Chumvi Uliyomlambisha Mama

Shangazi,

Sikuulizi hali. Hata ulipokuwa hai, nikikuuliza ulikuwa unajibu "Niko tu," na mazungumzo yanaishia hapo. Basi nianze na habari za huku tulikobaki.

Arobaini yako tumeimaliza. Watu walikuja wengi, wakala wali na nyama ya mbuzi, wakakusifu mpaka nikageuka kuangalia kama kuna marehemu mwingine anayesomewa pamoja nawe. Walisema ulikuwa mpole. Wewe, mpole. Mama Anzuruni wa nyumba ya pili, uliyemwita mwizi wa kuku mbele ya uso wake, alilia kwa sauti kubwa kuliko mimi. Baba mdogo Kibwana alisimama akasema umekufa kwa uzee, akakaa, halafu akasimama tena akasema labda kuna mkono wa mtu. Huyo ndiye Kibwana. Mpe sahani ya nyama na watu wa kumsikiliza, atakutolea sababu mbili za kifo kimoja, zote za uongo, na bado ataomba mchuzi.

Ulikufa kwa ugonjwa wa tezi ya shingo, Shangazi, tezi iliyofanya kazi kupita kiasi mpaka ikauchosha moyo. Daktari alijua, mimi nilijua, na wewe ulijua. Dawa ilikuwa ndani ya nyumba, juu ya kabati, karibu na redio yako. Hukuimeza. Ndiyo maana nakuandikia kwa hasira, na usitegemee nitaificha kwa sababu umezikwa.

Naandika nikiwa dukani kwangu, mtaani Kasuku, juu ya meza ya cherehani. Wateja ni wachache leo, mvua imenyesha na wenye pikipiki wamejibanza chini ya paa langu wakibishana juu ya mpira. Kesho asubuhi mmoja wao atanibeba mpaka kijiji cha Kama, kwao mama. Nitakwambia kwa nini, lakini kwanza nitamtaja mama, maana katika arobaini yako hakuna aliyethubutu. Aliolewa katika nyumba ile, alizaa katika nyumba ile, alikuwa mke wa kaka yako. Jina lake Feza.

Unakumbuka vita vilivyoifunga Kindu. Treni haikuja tena, mashua zilizopita mto Lualaba zilibeba askari, na kitu kilichotutesa kuliko sabuni na mafuta ya taa kilikuwa chumvi. Tulichoma majani ya mtoni na maganda ya ndizi, tukachuja majivu, tukapata maji machungu ya rangi ya chai. Tukayatia ndani ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na kumshukuru Mungu. Chumvi ya dukani ililetwa kwa baisikeli na vijana waliosukuma wiki nzima porini, na mwanamke aliyepata kijiko alikificha hata kwa mumewe.

Mama alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo, tangu usichana wake. Kwao Kama wanawake wengi walikuwa nalo. Walilifunika kwa kitambaa wakaendelea kulima. Miaka ya kabla ya vita watu wa afya walikuwa wamepita mtaani wakafundisha kwamba rovu linatokana na kukosa iode, ile dawa inayochanganywa ndani ya chumvi ya dukani. Ulikaa mstari wa mbele siku hiyo. Ulirudi nyumbani umepanda cheo. Tangu hapo hakuna shingo iliyopita mbele ya mlango wetu bila kupewa ushauri wako, na ushauri wako wewe haukuwa wa kukataliwa.

Mwaka wa kwanza wa njaa, shingo ya mama iliongezeka. Ukasema sasa basi. Ukafungua sanduku lako, ukatoa vitenge vya ndoa yako, vile ambavyo marehemu mume wako alikuletea kutoka Kigoma na ambavyo hukuwa umevivaa hata mara moja, ukaenda kuvibadilisha kwa chumvi. Sisi wote tuliendelea na sombe ya majivu. Chumvi ya kweli ilikuwa ya mama peke yake. Kila asubuhi ulimwita uani, ukammiminia kwenye kiganja, ukasimama mbele yake mpaka alambe yote. "Lamba, wifi yangu. Lamba upone." Naliandika hili mapema ili mtu asije kusema nimelificha.

Baada ya hapo mama alianza kuwaka. Sisi tulijikunyata kwa baridi ya mvua, yeye alitoka kulala barazani juu ya saruji tupu. Mikono ilimtetemeka hata akishika kikombe chai inamwagika. Alilia kwa jambo dogo, akagomba kwa jambo dogo. Siku moja alimrushia baba mwiko, na mpaka leo naona mwiko ule ulichelewa miaka mingi. Macho yake yalikuwa wazi muda wote, makali, utadhani anasikia hatua za askari. Nikiweka sikio kifuani kwake nilisikia moyo unakwenda mbio, na yeye amekaa tu.

Na alikula. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Katika mji ambao watu wanagawana muhogo mmoja kwa nyumba nzima, mama alimaliza sehemu yake, akakwangua sufuria, akaangalia sahani zetu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na kitu, nilimgawia yangu, na alikula yangu huku akilia kwa aibu. Akazidi kukonda. Mifupa ya mabega ilichomoza, pete ikamtoka kidoleni, ikaanguka ndani ya maji ya kuoshea vyombo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema. Mimi nakwambia hata wenye njaa hawakumjua mama.

Wewe ulikuwa na akili, Shangazi, hilo sikukatalii, na ndilo linalonikera. Mjinga angekaa kimya. Wewe ulifikiri. Ulifikiri hivi: chumvi ni dawa ya rovu, Feza amelamba chumvi, Feza hakupona, basi Feza si mgonjwa. Ukasimama jikoni, mkono kiunoni, ukauliza mbele ya wanawake wote: "Mutu gani anakula hivi na hanenepe? Ile chakula inaenda wapi?"

Kuuliza tu kulitosha. Majirani walijibu, maana majirani zetu hawakuwa na chumvi wala unga lakini majibu hawakuwahi kupungukiwa. Mmoja akasema anamlisha mtu ambaye haonekani. Mwingine akasema amemuona akitoka nje usiku. Kweli alitoka, alikuwa anatafuta upepo, maskini. Akaitwa mtu wa maombi. Alikuja na Biblia kwenye nyumba ya Waislamu, na kwa kuwa mlikuwa mmechanganyikiwa hakuna aliyeliona hilo. Akamshika mama shingo, akapiga kelele, akaondoka na kuku wetu wa mwisho. Kuku huyo ndiye pekee aliyepata wokovu siku ile, maana alitoka katika nyumba yetu.

Na baba? Baba yangu alikuwa mtu wa kutikisa kichwa pale wewe ulipomaliza kusema. Amekufa siku nyingi, naye sijapata hamu ya kumwandikia.

Unajua desturi ya ukoo wetu kuliko mimi. Kwetu mume hamrudishi mke kwao. Anayemrudisha ni dada mkubwa wa mume, kwa kinywa chake, mbele ya watu wa mke. Na sababu atakayoitaja itabaki juu ya mwanamke huyo na juu ya watoto wake, hata akifa. Haiondoki mpaka dada yule yule arudi, apige magoti pale aliposimama, aondoe neno. Wewe ulikuwa dada mkubwa. Mlitembea kwa miguu, wewe na mama, mkifuatana na wachuuzi, njia nzima ya Pangi katika vita, na hata huko, nasikia, ulimgawia muhogo wako. Mkafika Kama. Ukasimama katika uwanja wa baba yake ukasema: "Anakula vya watoto, na hatujue ananunulia nani nguvu." Kila aliyesikia alijua umemwita mchawi. Halafu ukageuka ukarudi.

Alikufa kabla karanga hazijavunwa. Walisema alikuwa anatwanga, akaweka mchi chini, akakaa, basi. Kwa sababu ya neno lako walimzika pembeni, mbali na mama yake. Sikuambiwa mpaka mwaka uliofuata.

Ukanilea. Ulinisuka nywele ukinivuta mpaka machozi yakanitoka, ukaniambia mwanamke anayelia kwa nywele atafanya nini siku ya kuzaa. Ulinifundisha cherehani, hii hii. Siku askari walipoingia mtaani tukakimbilia ng'ambo, ulinilaza chini yako ndani ya mtumbwi ukaniziba mdomo kwa mkono wako, na mkono ule ulinuka kitunguu, na nilijua kwamba wakitupiga risasi itakupata wewe kwanza. Ndiyo taabu yako hiyo, Shangazi. Ungekuwa mbaya mtupu, ningekuandikia mistari miwili nikamaliza.

Miaka imepita. Niliolewa, nikazaa, nikafungua duka. Halafu mwili wangu nao ukaanza. Jasho lilinitiririka kwenye kivuli. Sindano ilinitetemeka mkononi, nikaharibu gauni la bibi arusi. Nikila nasikia njaa. Nikilala moyo unapiga mto. Na wewe, mzee tayari, ulikuwa unakaa pale kwangu Ijumaa mchana ukiiangalia sahani yangu. Uliiangalia tu, na wake za kaka zangu wakakuangalia wewe, wakingoja useme. Niliogopa, na nilikuchukia kwa kuniogopesha.

Nilipanda pikipiki kwenda Kisangani. Tulilala njiani, Obokote, kwa mama mmoja anayeuza mawese, miguu yangu imevimba kwa matuta ya njia. Huko mjini daktari, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alinitoa damu, akanipapasa shingo, akaniambia nimeze mate huku akiangalia. Jibu lilipotoka akanieleza kwa namna ambayo hata Kibwana angeielewa akinyamaza kidogo. Ndani ya shingo kuna tezi ndogo. Kazi yake ni kutoa homoni, kitu kinachoingia ndani ya damu na kuuambia mwili uchome chakula kwa kasi gani. Kama mpishi mwenye kiasi, inasukuma kuni taratibu. Ikiharibika inasukuma kuni zote kwa pamoja: mwili unachoma chakula, ukikosa unachoma mafuta, ukikosa unachoma nyama yake yenyewe. Ndiyo maana mtu anakula na anakonda. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka, usingizi unaondoka, hasira inakuja bila kualikwa. Wewe uliuliza chakula kinakwenda wapi, Shangazi. Kinaungua.

Nikamsimulia habari za mama. Sikuwa nimekusudia, ilitoka tu. Nilipofika kwenye chumvi, aliacha kuandika. Akasema hawezi kumpima mtu aliyezikwa, na wala hatasema ana uhakika. Lakini akasema kwamba shingo iliyokaa miaka mingi na njaa ya iode, rovu likakua, pengine huota ndani yake vinundu visivyosikia amri. Ukimwagia iode ghafla, vinundu hivyo vinaichukua yote na kutengeneza homoni bila breki. Yameonekana hayo, alisema, mahali watu waliokosa chumvi hiyo muda mrefu. Kwa watu wengi chumvi ya iode ni kinga, inaokoa hata mtoto aliye tumboni. Kwa wachache wenye rovu la siku nyingi inaweza kuwasha moto. Nilikaa kwenye kiti chake nikaona kiganja cha mama, na wewe umesimama mbele yake.

Nilirudi na vidonge. Nikameza kila siku, na damu ikapimwa tena kila ilipopatikana ndege ya kuipeleka. Jasho likakauka. Nikanenepa mbele ya macho yako, na hukupenda. Nilipokueleza yote, pamoja na habari ya chumvi, wake za kaka zangu walisikia wakakimbia kumwaga chumvi yao chooni. Wapumbavu wa upande wa pili. Niliwafokea, nikawaeleza upya kwamba chumvi haina kosa kwa wasio na rovu la zamani, na mmoja akaniuliza basi nani ana kosa. Wote tukakuangalia. Ukasema una usingizi.

Siku ile ile nilikuomba kitu kimoja. Sikuomba machozi. Nilikuomba twende Kama, upige magoti, uondoe neno, ili ndugu za mama wamhamishe mama yangu wamlaze karibu na mama yake. Mjomba Saidi, kaka yake, alikuwa amekwisha kusema kwenye simu: "Aje mwenye kinywa. Miye sitaki kuongea na wengine." Ukanijibu: "Nitaondoa neno gani? Hakuna mwenye alimupima Feza damu." Na hapo ulikuwa na haki, daktari mwenyewe alisema hivyo. Nakwambia hakuna kinachochosha kama mtu anayekosea kwa kutumia ukweli.

Halafu ikaja zamu yako. Nyumba nzima haikuona kwa sababu kwako haikuja na makelele. Hukuwaka, hukula sana, hukugomba zaidi ya kawaida yako. Ulikonda tu, ukachoka, ukaanza kupumzika katikati ya kuvuka uwanja. Miguu ikavimba. Wakasema uzee. Mimi nilikushika mkono siku moja kukusaidia kuinuka, nikasikia mshipa wako unapiga hovyo, mbili za haraka, kimya, tatu, kimya. Nikaiona shingo yako chini ya mtandio. Nilimleta daktari wa hapa, damu ikapelekwa, jibu likarudi: tezi, ile ile. Kwa wazee, alisema, ugonjwa huu unajificha namna hiyo, unaupita mwili wote na kuukamata moyo. Akaandika dawa. Akasema ukimeza kila siku kuna tumaini zuri.

Nilifurahi, Shangazi. Nitakwambia nilifurahi kwa nini, na siyo kwa sababu nzuri. Nilisema moyoni: atameza, atapona kidogo, atajua, na nitampandisha pikipiki mwenyewe mpaka Kama. Nilikutaka hai kwa ajili ya kinywa chako.

Kila asubuhi nilikuletea kidonge na maji. Ulikishika, ukakiangalia, ukakirudisha kwenye kisahani. Nilibembeleza. Nilifoka. Nilimleta Kibwana abembeleze, na hapo unaona nilivyokuwa nimekata tamaa. Ulinijibu maneno yale yale: "Miye siko mama yako." Kwa sauti ya dharau, kana kwamba kukulinganisha na mama ni kukutukana. Na mimi nikakudharau zaidi. Nilimwambia mume wangu: huyu bibi atakufa kwa kiburi, na kaburi lake liandikwe hivyo.

Mpaka asubuhi ile ulipokiangalia kidonge muda mrefu kuliko kawaida, ukasema bila kuniangalia: "Kama hii itaniponesha, ndiyo kusema Feza alikuwa mugonjwa. Na kama alikuwa mugonjwa, ndiyo miye nilimulambisha kifo na mukono wangu." Ukakirudisha kwenye kisahani.

Nilichukua kisahani nikaenda jikoni nikasimama.

Tangu hapo ukakataa chumvi. "Usitie," ulisema, nikikupikia samaki, nikikupikia sombe, hata yai. Daktari alifurahi sana. Moyo unaovimbisha miguu, alisema, haupendi chumvi, mgonjwa wetu anasikia. Nilikunja uso nikamwacha na furaha yake. Mimi nilijua ulichokuwa unafanya. Ulikuwa unajihukumu. Na hata adhabu ulijipangia mwenyewe, kama ulivyopanga kila kitu katika nyumba ile, bila kumuuliza aliyekosewa anataka nini. Mama hakuhitaji ufe bila chumvi. Mama alihitaji umwendee. Njia ya Kama ulishaitembea kwa miguu katika vita ili useme neno. Katika amani, juu ya pikipiki, ulishindwa kwenda kulifuta. Badala yake ukalala ukaugeukia ukuta. Ungeweza kuishi, Shangazi. Ungeweza kumeza kidonge kidogo kuliko punje ya hindi ukaishi ukiwa na kosa, kama watu wengine wote tunavyoishi. Hilo ndilo sikusamehi. Ulichagua kufa hujui, wakati ulikuwa unajua.

Ulikufa Jumanne asubuhi, nikikufunga mtandio. Nililia, usidhani sikulia. Nililia kwa sauti, watu wakasema kweli alimlea.

Sasa sikia kilichotokea siku ya arobaini. Baada ya dua, wanawake wa ukoo walitandika mkeka wako katikati ya chumba, wakanishika mabega wakanikalisha juu yake. Nilidhani ni heshima ya msiba. Bibi Mwajuma akanifunga kitambaa kichwani, akasema: "Leo ndiyo weye dada mukubwa wa nyumba. Kinywa ya Salima iko kwako." Sikuwa nimefikiri kwamba kinywa chako kitakuja kwangu. Kati ya wasichana wa baba niko mimi peke yangu, na kaka zangu wana wake. Kinywa kinarithiwa.

Nilimpigia Mjomba Saidi kesho yake. Nikamwambia mwenye kinywa amekufa, lakini kinywa kipo. Akauliza kama ninajua nitakachofanya. Nikasema ninajua. Akasema, "Weye mutoto ya Feza, utakuja kukaa upande wa wale wenye walimufukuza?" Nikasema hakuna upande mwingine uliobaki na kinywa.

Ndivyo ilivyo, Shangazi. Nilidhani siku ya kumsafisha mama nitasimama karibu na watu wake, nikikuangalia wewe chini. Kumbe kesho watu wake watakaa kwenye mikeka kule mbele, na katika uwanja ule ule, pale uliposimama, nitapiga magoti mimi. Mtoto wake. Nitaomba radhi kwa kumfukuza mama yangu.

Kibwana anataka kuja ahutubie. Nimemwambia akae nyumbani alinde kuku. Nakwenda na Amisi, kaka yangu mkubwa, ambaye ameahidi kutofungua mdomo.

Nakuahidi haya. Nitasema Feza hakumlisha mtu yeyote isipokuwa moto uliokuwa ndani yake. Nitaeleza tezi, nitaeleza homoni, mpaka yule mwenye akili nzito kuliko wote aelewe. Nitawaambia wenye rovu wa Kama wasilambe wala wasiache kitu chochote kwa kusikia maneno yangu, waende wakapimwe, na mimi mwenyewe nitawapokea wakifika Kindu. Halafu nitasema habari ya vitenge vya Kigoma. Nitasema ulivitoa, na kwamba sisi tulikula majivu ili yeye apate chumvi, na kwamba ulisimama mbele yake kila asubuhi ukitaka apone. Nitalisema kwa sababu ni kweli. Ningependa lisiwe kweli, ningelala vizuri zaidi.

Mama akishahamishwa, nitapanda pale maua yoyote yatakayokubali udongo ule. Kwako wewe nitakuja Ijumaa, kama kawaida, na nitanung'unika juu ya kaburi lako kama ulivyonung'unika juu ya maisha yangu.

Lala, Shangazi. Kuna jambo moja limenisumbua tangu asubuhi. Bibi Mwajuma amenifundisha maneno ya kuondoa neno, na hayana mahali pa kusema "alikosea." Mwenye kupiga magoti anasema "tulikosea," na asipotamka hivyo magoti yake ni bure. Nimelijaribu neno hilo hapa dukani, mvua ikipiga juu ya mabati ili wenye pikipiki wasinisikie. Mara ya kwanza lilinikwama. Nimelijaribu tena sasa hivi, na limetoka.

Sifa, binti ya Feza